Kuchagua Kozi ya Chuo Itakayokufikisha Kwenye Kazi Yenye Kuridhisha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wahitimu wa Kidato cha Nne na cha Sita Tanzania

Nianze kwa kutafuta kozi, chuo au kazi?

Anza na kazi, kisha urudi nyuma hadi kwenye kozi inayokuandaa kuifanya. Kila mwaka, mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) unapotolewa, wahitimu wengi huupitia kwa kufuata majina ya kozi, wakachagua lile lenye sauti nzuri au lile alilosomea kaka wa jirani, ilhali jina la kozi hueleza machache sana kuhusu siku ya kazi ya mtu aliyeihitimu. Chukua mfano wa usimamizi wa ardhi na uthamini, unaofundishwa Chuo Kikuu Ardhi. Anayelisoma jina hilo hufikiria ofisi na hesabu za thamani ya majengo, na ni kweli kwamba sehemu ya kazi iko hivyo. Lakini barabara au bomba linapopita kijijini, mthamini huyohuyo ndiye anayetembea shamba kwa shamba akihesabu mikorosho na migomba, akiandika majina ya wenye mali, na kuwasikiliza watu wanaoona kwamba fidia yao haitoshi. Mwenye subira na watu, asiyechoka kutembea, anaweza kuipenda kazi hiyo hadi kustaafu, na mwingine aliyemzidi alama darasani akaichukia kabla mwaka haujaisha.

Kwa hiyo andika kazi tatu au nne unazozifikiria, na kwa kila moja ujiulize: mtu wa kazi hii hushinda wapi, pamoja na nani, akishika nini mikononi, na jioni huchoshwa na jambo gani? Muuguzi huchoshwa na zamu za usiku na kusimama muda mrefu. Mhasibu huchoshwa na kufunga hesabu za mwaka wa fedha, ambao serikalini huisha Juni 30. Mtengeneza programu za kompyuta huweza kukaa siku nzima akitafuta kosa moja, na afisa ugani huchoshwa na mwendo wa pikipiki kutoka kwa mkulima mmoja hadi mwingine. Kwa maoni yangu, uchovu ambao mtu anaweza kuuvumilia bila kinyongo ni kipimo cha kuaminika zaidi kuliko hamu aliyonayo siku anapojaza fomu.

Nitaijuaje kazi kabla ya kuisomea?

Nenda ukaione ikifanywa. Hospitali ya wilaya, ofisi ya ardhi ya halmashauri, karakana, maabara ya maji, shule uliyosoma na duka la dawa ni mahali ambapo mtu mwenye adabu, aliyeomba ruhusa mapema na kueleza nia yake, mara nyingi hupokewa kwa siku moja au mbili. Usiulize tu kama kazi ni nzuri, kwa kuwa wengi watajibu kwa heshima kwamba ni nzuri. Omba wakueleze walichofanya jana tangu asubuhi hadi jioni, waulize ni jambo gani hawakulijua walipokuwa chuoni, na kama wangependa mtoto wao aifanye kazi hiyo. Swali la mwisho huleta majibu marefu, na ni vema kuyasikiliza hadi mwisho.

Tatizo kubwa kwa wahitimu wa kidato cha sita ni muda. Mtihani hufanyika Mei, vijana wengi huitwa kwenye mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria, matokeo hutoka kwa kawaida mwezi Julai, na dirisha la udahili hufunguliwa baadhi yao wakiwa bado kambini au ndiyo kwanza wanarejea. Anayesubiri matokeo ndipo aanze kufikiri atajikuta anachagua kwa siku chache. Afadhali kuzitembelea kazi hizo wakati wa likizo ya kidato cha tano, na kuacha nyumbani orodha ya kozi na vyuo kabla ya kuingia kambini.

Je, kazi yenye kuridhisha lazima iwe ile niliyoipenda tangu utotoni?

Hapana. Wapo wanaojua mapema, na heri yao. Wengi zaidi huanza kuipenda kazi baada ya kuimudu, kuona kwamba ina faida kwa watu wengine, na kupata kipato kinachowaondolea hofu ya kodi ya nyumba. Tafuta fani ambayo uko tayari kuifanyia mazoezi kwa miaka, hata kama haikuwahi kukujia ndotoni.

Tahasusi niliyosoma inanifungia milango gani?

Hufunga baadhi, na ni muhimu kuijua mapema kwa majina yake. Aliyesoma Kemia, Biolojia na Jiografia (CBG) hawezi kuomba moja kwa moja shahada ya udaktari wa binadamu, kwa sababu kozi hiyo hudai Fizikia, Kemia na Biolojia. Lakini kilimo, mazingira, sayansi ya chakula na usimamizi wa wanyamapori, fani zenye historia ndefu katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mjini Morogoro, ziko wazi kwake. Aliyesoma Uchumi, Jiografia na Hisabati (EGM) anafaa kwa takwimu, uchumi, mipango na takwimu bima, na anapaswa kukijua Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kilichopo Dar es Salaam, ambacho wahitimu wengi hawajawahi kukisikia.

Waliosoma masomo ya sanaa, hasa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), huambiwa mara kwa mara kwamba kwao kuna ualimu na sheria tu. Si kweli. Kuna ukutubi, utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka, ustawi wa jamii, maendeleo ya jamii, rasilimali watu, uandishi wa habari, utalii na malikale. Kiswahili chenyewe kimepanuka: SADC ilikifanya lugha rasmi mwaka 2019 na Umoja wa Afrika ukakikubali kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, na hivyo tafsiri, ukalimani na kuwafundisha wageni ni kazi zinazohitaji watu waliosomea kwa dhati. Jambo la kuangalia ni kwamba ukalimani hudai umahiri wa lugha ya pili, kwa hiyo mwenye Kiingereza dhaifu, au asiye na Kifaransa, Kiarabu wala Kireno, ajipange kujifunza zaidi ya yale yatakayotolewa darasani.

Kuna mlango mwingine usiotajwa sana, nao ni Hisabati ya kidato cha nne. Kozi nyingi, hata zile zisizoonekana kuwa za hesabu, huweka sharti la ufaulu wa somo hilo. Soma masharti ya kila kozi hadi mstari wa mwisho.

Kwa walio kidato cha nne, habari ni tofauti kidogo: tangu mwaka 2024 tahasusi zimeongezwa hadi kufikia 65, na baada ya matokeo kutoka, Ofisi ya Rais, TAMISEMI, hutoa muda wa kubadili machaguo ya tahasusi na kozi za vyuo vya kati. Muda huo huwapita wengi bila kuutumia.

Nina sifa za kozi ninayoitaka, mbona sikuchaguliwa?

Kwa sababu sifa za chini na alama za ushindani ni vitu viwili tofauti. Sharti la jumla la kuingia shahada ya kwanza kwa waliomaliza kidato cha sita tangu mwaka 2016 ni kufaulu masomo mawili yanayohusiana na kozi kwa jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Udaktari wa binadamu katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) hudai angalau D katika Fizikia, Kemia na Biolojia, yaani pointi 6. Anayesoma mstari huo peke yake hudhani kwamba pointi 7 zinamtosha. Hazitoshi, maana waombaji wenye A na B ni wengi kuliko viti vilivyopo, na chuo huanza na walio juu.

Panga maombi yako ukizingatia hilo. Weka kozi unayoitamani hata kama ushindani wake ni mkali, lakini weka pia nyingine ambayo alama zako zinaizidi waziwazi, na hiyo ya pili iwe ni kozi ambayo ungeisoma kwa moyo. Kosa linalojirudia ni kujaza nafasi za chini kwa kozi yoyote ile, kisha mtu akachaguliwa huko na kutumia miaka mitatu au minne katika jambo ambalo hakuwahi kulifikiria hata kwa dakika moja.

Matokeo yangu hayafiki shahada. Je, safari imeishia hapa?

Haijaishia. Mfumo wa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET) una ngazi zinazopandwa moja baada ya nyingine: astashahada ya awali ni ngazi ya 4, astashahada ni ya 5, stashahada ni ya 6. Mwenye ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, yasiyo ya dini, anaweza kuingia katika vyuo vingi vya ngazi hizo, ingawa fani za afya na uhandisi hutaja masomo mahususi ya sayansi. Akihitimu stashahada kwa GPA (wastani wa alama za chuoni) isiyopungua 3.0, anaweza kuomba shahada inayohusiana na fani yake. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho hutoa programu ya msingi kwa ajili ya wale ambao alama zao za kidato cha sita hazikutosha.

Ningependa njia hii isitazamwe kama adhabu. Stashahada ya utabibu ya miaka mitatu humtoa mtu akiwa tabibu anayewahudumia wagonjwa kwenye zahanati na vituo vya afya, na akitaka kuendelea hadi udaktari huingia darasani akiwa ameshazoea kumshika mgonjwa. Chuo cha Maji pale Ubungo hufundisha mafundi sanifu wa maji, na kwa kuwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) ulianzishwa mwaka 2019, ujuzi huo una mahali pa kwenda hadi ngazi ya wilaya. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) hufundisha matengenezo ya ndege, Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI) huandaa mabaharia, wakala wa mafunzo ya uvuvi (FETA) ana kampasi Mbegani na Nyegezi, na Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro, kimekuwa kikifundisha wahifadhi tangu mwaka 1963. Vyuo hivi hufundisha kwa mikono, jambo ambalo baadhi ya wahitimu wa vyuo vikuu hulikosa na kulijutia.

Wazazi wangu wanataka nisome udaktari au sheria, nami sitaki. Nifanye nini?

Kwanza, wasikilize kwa nia ya kuelewa wanachokihofia. Mzazi anayesema "soma udaktari" mara nyingi anasema kwamba hataki kukuona ukirudi nyumbani na cheti kisichokupatia kazi, na ni yeye aliyeuza mazao au aliyekopa kwenye VICOBA ili ulipiwe ada. Hofu hiyo haijibiwi kwa kusema "mimi sipendi". Hujibiwa kwa taarifa: kazi unayoitaka, mahali pa kuifanyia, muda wa masomo, gharama, mtu wa karibu anayeifanya na anavyoishi. Mwalimu wako, shangazi au mjomba anayeheshimiwa nyumbani anaweza kukusaidia kuyafikisha mazungumzo hayo bila ya mtu kuona kwamba amevunjiwa heshima.

Pili, wasaidie waione safari yote ya kozi wanayoipendekeza. Udaktari ni miaka mitano ya masomo na mwaka mmoja wa utarajali kabla ya usajili kamili. Shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Lazima apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, na mwaka 2022 taifa zima lilizungumzia matokeo yake, ambapo kati ya wanafunzi 633 waliofanya mtihani, 26 tu ndio waliofaulu moja kwa moja. Safari hizo zinawezekana, na nchi inawahitaji madaktari na mawakili. Lakini ni ndefu mno kwa mtu anayezianza bila hamu yoyote, na mzazi akielezwa hivyo kwa utulivu huanza kuuliza maswali badala ya kutoa amri.

Kwa wazazi wanaosoma hapa: mweleze kijana hofu yako waziwazi, na umwambie ni kiasi gani cha ada unachokimudu. Kijana anayejua mipaka ya mfuko wa nyumbani huchagua kwa uangalifu zaidi kuliko yule anayefichwa.

Ni kozi zipi zenye soko?

Swali hili huulizwa kuliko mengine yote, na jibu lake huzeeka haraka. Gesi nyingi ilipogunduliwa katika bahari ya kusini kuanzia mwaka 2010, vijana wengi walivutiwa na masomo ya mafuta na gesi, wakitarajia kwamba mtambo mkubwa wa kusindika gesi mkoani Lindi ungejengwa kufikia watakapohitimu. Mazungumzo ya mradi huo yamechukua miaka mingi, na waliosomea uhandisi wenye msingi mpana, kama vile wa mitambo, umeme au kemikali, walikuwa na mahali pengine pa kwenda, ilhali waliosomea kipengele chembamba cha sekta hiyo walibaki wakingoja.

Katika miradi mikubwa, tenganisha kazi za kujenga na kazi za kuendesha. Reli ya kisasa iliajiri wengi wakati wa ujenzi, na tangu treni zilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, mahitaji yake ni ya watu wa uendeshaji, umeme, mawasiliano na matengenezo kwa miaka mingi ijayo. Vivyo hivyo kwa Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115.

Kuna kazi ndogo ya utafiti ambayo ningemshauri kila mwombaji aifanye, kwa kuwa haigharimu chochote zaidi ya bando. Fungua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, pamoja na ya kampuni binafsi, usome sehemu ya sifa za mwombaji. Utaona majina ya shahada na stashahada yanayokubalika kwa kila cheo. Serikalini sifa hizo hufuata miundo ya utumishi, yaani nyaraka zinazotaja elimu inayotakiwa kwa kila cheo, na mhitimu wa kozi yenye jina jipya lisilotajwa humo anaweza kukosa hata nafasi ya kuitwa kwenye usaili, ingawa masomo aliyosoma yanafanana kabisa na ya wengine. Ukiona kozi yenye jina la kuvutia, uliza chuo: wahitimu wake huajiriwa kwa cheo gani?

Bodi za taaluma zinanihusu nini sasa hivi?

Zinakuhusu kabla hujaomba. Mhandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), na baada ya shahada ya miaka minne huanza kama mhandisi mhitimu, akipitia mafunzo ya vitendo yanayosimamiwa, ambayo kwa mpango wa bodi hiyo huchukua miaka mitatu. Mhasibu hufanya mitihani ya bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu (NBAA) ili apate CPA, yaani cheti cha taaluma ya uhasibu, mtu wa ununuzi na ugavi hufanya ya bodi ya fani yake (PSPTB), na wafamasia, wauguzi, wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi wana mabaraza na bodi zao. Hakikisha kwamba chuo kina ithibati na kwamba kozi yenyewe inatambuliwa na bodi husika. Ukaguzi huo ni wa siku moja. Kuukosa kunaweza kukugharimu shahada nzima.

Je, nichague kozi kwa sababu ya mkopo?

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hutolewa kwa kuangalia uhitaji wa mwombaji, na bodi hutangaza pia kozi za kipaumbele kila mwaka, zikiwemo za afya, uhandisi na ualimu wa sayansi na hisabati. Ni halali kabisa kuliweka jambo hilo kwenye mizani, hasa kwa mtoto wa familia isiyo na uwezo. Likiwa ndilo sababu pekee, kumbuka kwamba mkopo hurejeshwa kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara, kutoka katika kazi ambayo wewe ndiye utakayeifanya. Waliofaulu kwa viwango vya juu katika masomo ya sayansi waulizie pia ufadhili wa masomo wa serikali uitwao Samia Scholarship, na Wazanzibari wana Bodi yao ya Mikopo ya Elimu ya Juu.

Chuo chenye jina kubwa au kozi ninayoitaka katika chuo kidogo?

Kozi, mradi chuo kina ithibati, walimu na vifaa. Uliza maabara ikoje na wanafunzi hupelekwa wapi kwa mafunzo ya vitendo.

Nimeshaanza mwaka wa kwanza na nimegundua kwamba si hapa. Nifanyeje?

Tofautisha mambo matatu kabla ya kuamua. Kuna kuichukia kozi yenyewe, kuna kulemewa na mwaka wa kwanza, na kuna upweke wa kuwa mbali na nyumbani. Yote matatu hujitokeza kwa namna moja, yaani kutotaka kuamka kwenda darasani. Zungumza na mshauri wa wanafunzi, na utafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu akueleze masomo yatakavyobadilika, kwa sababu katika kozi nyingi mwaka wa kwanza ni wa misingi na fani yenyewe huanza baadaye.

Ukishathibitisha kwamba tatizo ni kozi, chukua hatua mapema. Uhamisho wa ndani ya chuo au kwenda chuo kingine huwa na dirisha lake mwanzoni mwa mwaka, na hutegemea kama una sifa za kozi unayoihamia na kama nafasi zipo. Uliza pia bodi ya mikopo ni nini kitatokea kwa mkopo wako, usije ukahamia kozi nzuri ukakosa ada.

Dirisha linakaribia kufungwa na bado sijaamua. Nifanye nini leo?

Chukua karatasi uandike kozi zote ambazo alama zako zinaziruhusu, ukiondoa zile ambazo siku yake ya kazi huwezi kuivumilia. Kwa zilizobaki, piga simu kwa watu wawili wanaofanya kazi hizo leo hii, na uwaulize walichofanya jana. Penye mashaka, pendelea kozi yenye msingi mpana kuliko yenye kipengele kimoja chembamba, kwa kuwa ya kwanza hukuachia nafasi ya kubobea baadaye. Tuma maombi kwenye chuo zaidi ya kimoja, tumia namba ya simu ambayo iko mkononi mwako mwenyewe na si ya wakala wa steshenari, na ukichaguliwa na vyuo viwili, thibitisha kimoja kwa namba ya siri utakayotumiwa kabla muda wa kuthibitisha haujapita. Nafasi isiyothibitishwa hupewa mwingine.